Mafungo ya wikendi ya kutambua wito, Mwanza: unalipia nini hasa?

Likizo ya Juni au ya Desemba ikikaribia, matangazo ya mafungo ya kutambua wito, yaani siku za kujitenga na kusikiliza Mungu anakuitia kazi gani, yanajaa Mwanza: kwenye mbao za parokia na sharika, kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanachuo wa Nyegezi na Bugando, hata kwenye nguzo za umeme. Mpangilio ni ule ule. Unaingia Ijumaa jioni kwenye nyumba ya mafungo au bweni la shule lililo wazi, unatoka Jumapili baada ya chakula cha mchana, na ada inalipia kitanda, milo na mwezeshaji. Tathmini hii inaipima huduma yenyewe, si nyumba moja wala dhehebu moja, kwa sababu ubora wake na kasoro zake ni zile zile uende kwa Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana au AIC (Africa Inland Church).

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kwa mtu anayetaka kuanza kusikiliza, mafungo haya yanafaa. Kwa mtu anayetaka kuondoka na uamuzi Jumapili mchana, hayafai, na mwandaaji anayeahidi kwenye bango kwamba "utaondoka ukijua kusudi la Mungu" anauza kitu ambacho hana.

Chukua ratiba ya kawaida, kaa na kalamu. Kuanzia Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumapili saa 8 mchana ni saa 44. Usingizi wa Ijumaa na Jumamosi unakula 16. Milo sita, kila mmoja saa moja, ni 6. Chai za katikati, saa 1. Mada sita za saa moja na nusu ni 9. Misa au ibada, sala za asubuhi na jioni pamoja na kipindi cha sifa, saa 5 na nusu. Kazi za vikundi, 2. Kujitambulisha, kanuni za nyumba na matangazo, 1. Kuoga na kupanga foleni ya maji, 2. Kinachobaki ni saa moja na nusu. Huo ndio muda wote ambao mtu aliyekuja kumsikiliza Mungu anabaki bila mwanadamu mwingine kumsemesha. Tuseme ada ni shilingi 60,000: saa moja ya kimya imekugharimu 40,000.

Waandaaji hujitetea kwamba watu wamelipa, kwa hiyo lazima wapewe kitu. Lakini mada mtu anaweza kuisikiliza redioni akiwa nyumbani. Asichokipata nyumbani, kwenye vyumba viwili vyenye watu saba pale Igoma au Mabatini, ni kimya. Hicho ndicho alicholipia. Mada zikipunguzwa ziwe mbili za saa moja moja na kazi za vikundi zikifutwa, saa 9 zinarudi, na kimya kinafika saa 10 na nusu kwa ada ile ile. Hakuna marekebisho mengine yanayoongeza thamani ya huduma hii kama hayo, na hayana gharama yoyote.

Hata hizo saa zina mahali pake. Kimya kinachopangwa saa 8 mchana, baada ya ugali na sato, chini ya bati lenye joto, kinaishia usingizini. Muda huo ni wa mazungumzo ya mtu mmoja mmoja na mlezi, yule anayemsikiliza na kumwongoza mshiriki, si wa sala binafsi. Saa nzuri ni alfajiri, kabla jua halijayapasha mawe moto, na kuanzia saa 10 jioni joto linapoanza kupungua. Nyumba iliyo karibu na maji inapendeza, ila sauti inasafiri mbali juu ya maji: baa iliyo ng'ambo ya ghuba utaisikia Jumamosi usiku kama iko uani. Uliza kabla. Uliza pia kuhusu vyandarua. Na mtu asiambiwe aende "kutafakari na maji" akavua viatu na kuingiza miguu ziwani. Ufukweni kuna kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba na viboko. Kutembea juu ya mawe kunatosha.

Simu ni jambo la kushughulikia kwa akili. Kuzikusanya zote bila maelezo kunawafanya wazazi wenye watoto wadogo wakae roho juu siku mbili. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: ofisi inatoa namba moja, kila mshiriki anaiacha nyumbani kwake kabla hajafika, simu zinafungiwa, na ujumbe wa dharura unafikishwa. Nyumba isiyotoa namba hiyo ndiyo utakayoona watu wamejificha chooni na simu.

Sasa mlezi, maana hapa ndipo huduma inaposimama au kuanguka. Mtu mmoja akiwa na washiriki 20, akimpa kila mmoja nusu saa tu, anahitaji saa 10 za mazungumzo. Hazipo. Kiwango kinachowezekana ni washiriki wanane kwa mlezi mmoja, yaani saa nne za Jumamosi. Bango likisema "wote mnakaribishwa, nafasi ni nyingi" na mwezeshaji ni mmoja, jua kwamba umelipia semina.

Kazi ya mlezi imepimwa vizuri katika 1 Samweli 3. Samweli alimkimbilia Eli mara tatu akidhani ndiye anayemwita. Eli alipoelewa kwamba ni Bwana, alimpa kijana maneno ya kujibu, kisha akamrudisha akalale mahali pake. Hakwenda kumsikilizia. Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliweka kanuni hiyo hiyo kwa wanaoongoza Mazoezi yake ya Kiroho, kitabu chake cha kuongozea mafungo, yaliyoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548: anayeongoza asimsukume anayeongozwa kwenye nadhiri wala kwenye kinyume chake, abaki katikati, amwache Muumba ashughulike na kiumbe chake. Akaongeza tahadhari ambayo ingewaokoa wengi wa Jumapili mchana: mtu akiwa na moto mwingi wa faraja, mlezi amzuie asitoe ahadi au nadhiri ya haraka.

Kwa hiyo kuna mgongano wa maslahi usiopaswa kufumbiwa macho. Mkurugenzi wa miito wa shirika fulani ana haki ya kuja kueleza shirika lake. Hana haki ya kuwa mlezi binafsi wa msichana anayejiuliza kama aingie shirika hilo. Vivyo hivyo mchungaji anayetafuta wainjilisti wa mtaa mpya, au mtoa mada mwenye chuo cha Biblia kinachohitaji wanafunzi. Wanaweza kuwa watu wema kabisa. Swali lao tayari lina jibu ndani yake, basi. Mlezi mzuri ni yule asiyepata wala kupoteza kitu kwa uamuzi wako. Mazungumzo yafanyike mahali panapoonekana, barazani au chini ya mti, sauti isisikike lakini watu waonekane. Na yanayosemwa pale yasigeuke ombi la pamoja kwenye ibada ya jioni.

Jambo linaloharibu kuliko yote hutokea Jumamosi usiku. Taa zinapunguzwa, sifa zinapanda, na mhubiri anapita akiwaambia watu mmoja mmoja: wewe ni mtumishi wa mataifa, wewe utakuwa mama wa yatima, wewe kazi yako ya sasa si yako. Jumatatu kuna anayeandika barua ya kuacha kazi. Paulo aliwaambia Wathesalonike wasitweze unabii, na katika pumzi ile ile akawaambia wajaribu mambo yote, wakalishike lililo jema. Neno ulilopewa liandike pamoja na tarehe, liache likae. Kama ni la Mungu litathibitishwa na mengine: uwezo ulio nao, mlango ulio wazi, na watu wa kanisa lako wanaokujua. Katika Matendo 16 Paulo alizuiwa njia mara mbili kabla ya maono ya Troa, na baada ya maono si yeye peke yake aliyeamua. Habari inasema "sisi" tuliona hakika kwamba Mungu ametuita. Neno la mhubiri anayekuona kwa mara ya kwanza halijafika hapo.

Kasoro nyingine ni ufinyu wa mada zenyewe. Ukiondoa upadre, utawa na uchungaji, mafungo mengi hayana la kumwambia mtu. Mshiriki ni fundi seremala wa Buzuruga, muuguzi, mhasibu wa kiwanda cha minofu ya sangara, mama anayenunua dagaa Mwaloni Kirumba na kuwapeleka mnadani. Naye anaondoka akidhani wito umempita. Maandiko hayasemi hivyo. Mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema Mungu amemjaza roho yake kwa kazi ya mikono ni Bezaleli, fundi wa dhahabu, mawe na mbao, katika Kutoka 31. Luther aliitetea hoja hiyo katika karne ya 16 kwa kusema kwamba anayelea mtoto au kushona viatu kwa imani yuko katika wito wake sawa na mtawa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1964 ukaandika wazi kwamba wito wa utakatifu ni wa wote, na kwamba walei, waumini wasio makasisi wala watawa, wanautimiza katikati ya shughuli za dunia.

Mwambao huu wenyewe una mfano mzuri kuliko wa kutoka Ulaya. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alisoma seminari ya Rubya, hakuwa padre, akaoa, akaishi na kufanya kazi karibu na misheni ya Kagunguli. Riwaya aliyoiandika kwa Kikerewe aliimaliza mwaka 1945. Ilichapwa kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, miaka ipatayo 35 baadaye, na mwaka 1981 akafariki. Kutoka kwake seminarini hakukumaanisha kwamba wito umeharibika. Vijana waliorudishwa kutoka seminari au unovisi (kipindi cha majaribio ya utawa) wanauhitaji mfano huo kuliko mada yoyote juu ya "kusudi".

Vifaa vinavyogawiwa havilingani kwa ubora. Fomu ya karama, ile yenye maswali mengi ya kujipa alama 1 hadi 5, ni dhaifu ikijazwa peke yako. Watu hujaza wanavyotamani kuwa. Nyingi zimetafsiriwa kutoka Marekani, na mtu wa Sengerema anaulizwa kuhusu kamati na starehe za huko. Inakuwa na faida ukiibadilisha matumizi: mpe fomu ile ile mwenza wako au ndugu, mtu unayefanya naye kazi, na kiongozi wa jumuiya au wa kwaya, wakujaze wewe. Pale majibu yao yanapotofautiana na yako ndipo pa kuanzia mazungumzo na mlezi.

Kifaa bora kuliko vyote ni karatasi yenye safu nne, na inasikitisha kuona wawezeshaji wanaikata ibaki mbili. Inyasi aliagiza nne: faida za kulikubali jambo, hasara za kulikubali, faida za kutolikubali, hasara za kutolikubali. Mtu husema safu mbili za mwisho ni marudio. Si marudio. Mchukue yule mhasibu wa kiwanda anayefikiria kwenda chuo cha theolojia miaka mitatu. Faida za kwenda: neno la Mungu linamvuta, usharika unamwomba afundishe, anafundisha vizuri. Hasara za kwenda: mshahara unakatika, wadogo wawili wako sekondari, mkopo wa kikundi una marejesho ya miezi tisa. Faida za kubaki: hapo kazini wenzake humfuata wakiwa na shida, hesabu zake safi zinalinda mishahara ya vibarua, watoto hawahamishwi. Hasara za kubaki: na hapa mkono unasimama. Anaandika "nitaendelea kujisikia mdogo mbele ya mchungaji." Sentensi hiyo isingetokea kwenye safu mbili, nayo inaonyesha kwamba sehemu ya kile alichokiita wito ni njaa ya heshima. Hilo halifuti wito. Linatenganisha vilivyochanganyika, na ndiyo kazi yote ya kupambanua.

Baada ya safu kujaa, usihesabu mistari. Weka karatasi mbele ya Mungu, uliza ni sababu zipi zina uzito wa kumtumikia yeye na zipi ni za hofu au sifa, kisha zipigie mstari. Mambo mengine mawili ya Inyasi yanasaidia yakitumika kwa dakika kumi kila moja: mfikirie mtu usiyemjua kabisa aliye katika hali yako, ungemshauri nini, na ufikirie saa ya kufa, ungependa uwe umeamua vipi.

Faraja na ukiwa, majina ya Inyasi kwa hali mbili za moyo, ndiyo maneno yanayofundishwa vibaya kuliko mengine. Wengi huambiwa faraja ni kujisikia vizuri na ukiwa ni kujisikia vibaya. Inyasi aliligundua jambo hili mwaka 1521 akiwa kitandani Loyola, mguu umevunjwa na mzinga huko Pamplona. Aliota mchana ndoto za kishujaa, akafurahi. Aliota kuwaiga watakatifu, akafurahi vile vile. Tofauti ilikuja baadaye: ndoto za kwanza zikiisha alibaki mkavu, za pili zilimwacha na utulivu hata zilipokwisha. Kwa hiyo swali si "nilijisikiaje wakati wa sifa Jumamosi usiku?" bali "Jumatano jioni, nikiwa kwenye foleni ya daladala, wazo hili linaniacha na imani, tumaini na upendo zaidi, au na kiburi na haraka?" Kutubu kwa machozi kunaweza kuwa faraja. Furaha ya kuwashinda wenzako inaweza kuwa mwanzo wa ukiwa. Na kanuni ya kubandika ukutani: unapokuwa katika ukiwa, usibadilishe uamuzi uliofanya ulipokuwa na amani.

Hapo ndipo mafungo ya wikendi yanapofikia mwisho wa uwezo wake. Faraja na ukiwa haviwezi kusomwa kwa siku mbili; vinahitaji wiki kadhaa za kuandikwa. Mafungo mazuri hutumia Jumapili asubuhi kufundisha zoezi la kila siku na kumpa kila mtu mlezi wa kumfuata nyumbani. Zoezi lenyewe ni la dakika 15 kabla ya kulala. Shukuru kwa vitu viwili vitatu vya siku hiyo kwa majina yake. Omba mwanga. Pitia siku saa kwa saa, uangalie wapi ulivutwa kuelekea kwa Mungu na kwa watu, wapi ulifungwa. Andika mistari miwili tu kwenye daftari: faraja moja, ukiwa mmoja, na ulikuwa unafanya nini. Omba msamaha panapohitajika, kisha angalia kesho. Baada ya wiki sita soma daftari lote kwa mara moja. Linaloonekana humo mara nyingi halifanani na lililotangazwa pale mafungoni. Wanaokwama hukwama kwa sababu wanaandika kurasa mbili kila siku, wanachoka wiki ya pili. Mistari miwili.

Wakati daftari linaendelea, jaribu kazi yenyewe kwa udogo. Anayedhani anaitwa kuhudumia wagonjwa ajitolee kila Jumamosi kuwaosha na kuwalisha, si kuwaombea tu. Anayedhani anaitwa kufundisha apewe darasa la watoto la Jumapili kwa wiki nane. Anayeona biashara ya dagaa ndiyo kazi aliyopewa ya kulisha watu na kulea familia, aanze na ndoo chache, aone kama ataanika juu ya chanja au atashawishika kuchanganya mchanga kuongeza uzito. Wito unaojaribiwa kwenye harufu na jasho lake unasema ukweli haraka.

Wapo Marafiki, wale Wakristo wanaoitwa Waquaker, ambao wana njia nyingine inayostahili kuigwa na sharika zetu. Mwenye swali anachagua watu watano au sita anaowaamini, anawaandikia swali lake kwenye ukurasa mmoja siku chache kabla, kisha wanakaa naye saa mbili hadi tatu. Hawaruhusiwi kushauri. Wanaruhusiwa kuuliza tu, maswali ya kweli ambayo wao wenyewe hawana jibu lake. "Kwa nini usioe kwanza?" ni ushauri uliovaa nguo za swali, hauruhusiwi. "Ni lini mara ya mwisho uliifanya kazi hii bila kuangalia saa?" inaruhusiwa. Wazee wetu watapata shida mwanzoni, maana mzee kuitwa na asishauri ni jambo geni, lakini mwenyekiti mmoja imara anatosha kuwarudisha kwenye maswali.

Kuhusu muda, kanisa lenyewe halina haraka. Nehemia alipopata habari za Yerusalemu mwezi wa Kisleu alifunga na kuomba, na hakusema na mfalme mpaka Nisani, karibu miezi minne. Katika sheria ya Kanisa Katoliki unovisi hauwezi kuwa chini ya miezi 12, na nadhiri za muda ni miaka isiyopungua mitatu kabla ya zile za daima. Shirika linalojiona linastahili maisha yako linakupa miaka ya kujipima. Anayekutaka uamue kabla basi halijaondoka stendi ya Nyegezi ana sababu zake.

Kwa aliyeajiriwa, hesabu za kidunia ni sehemu ya kupambanua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka taarifa isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wake wa kwanza kazini. Orodhesha madeni, marejesho ya kikoba, ada za wadogo, na miezi mingapi unaweza kuishi bila mshahara. Aliyeoa au kuolewa asije kupambanua peke yake jambo litakalohamisha nyumba nzima. Mwenza ashirikishwe kabla ya kulipa ada, si baada ya kurudi na jibu. Na mshiriki ambaye hajalala siku kadhaa, anayesikia sauti zinazomwamuru kujidhuru au kufunga bila kunywa maji, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Waandaaji wawe na usafiri tayari. Wenye vidonda vya tumbo, kisukari na wanaotumia dawa kila siku wasiwekwe kwenye mfungo wa lazima.

Nani alipie basi? Mwanachuo wa mwaka wa mwisho, aliyerudishwa seminarini, mtu ambaye hajawahi kukaa kimya saa tatu mfululizo: alipie, mradi kuna mlezi wa watu wanane na ufuatiliaji wa wiki sita. Mtu mzima mwenye kazi na swali moja lililo wazi atapata zaidi kwa njia isiyotangazwa kwenye mabango: Mazoezi ya Kiroho yale yale yanayofanywa nyumbani, saa moja na nusu kwa siku kama Inyasi alivyoruhusu kwa wenye shughuli nyingi, na kukutana na mlezi mara moja kwa wiki. Njia hii huchukua miezi, haina gharama ya kitanda wala chakula, na uamuzi unapikwa mahali utakapotekelezwa. Ulizia kwa paroko, kwa mchungaji, au kwa masista wanaoongoza mafungo. Aliye katikati ya msiba, ugomvi wa ndoa au deni linalodaiwa leo asilipie mafungo ya wito sasa hivi. Anahitaji kusaidiwa na hilo kwanza.

Ukipiga simu kuweka nafasi, uliza manne: mada ni ngapi, mlezi mmoja ana watu wangapi, nitaonana naye peke yangu kwa dakika ngapi, na baada ya Jumapili nitamwona nani. Kama majibu ya mawili ya mwisho hayapo, omba upunguziwe ada au tafuta pengine.

Kuhusu kufika, wanaotoka Geita na Sengerema hawana tena sababu ya kuchelewa kwa foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi. Daraja limefunguliwa tangu Juni 2025, kwa hiyo kipindi cha Ijumaa kinaweza kuanza saa 12 kweli. Wa Musoma na Simiyu wanashukia Nyamhongolo, na kuvuka jiji jioni ya Ijumaa kunataka saa nzima ya ziada. Wa Ukerewe waangalie ratiba ya meli ya kurudi kabla hawajalipa. Waandaaji nao waangalie mwezi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa. Mafungo yanayopangwa wiki ya giza yanawafungia nje watu wote wa mialo, pamoja na akina mama wanaoanika asubuhi. Kusogeza tarehe mbele wiki mbili kunatosha kuwapata.